Jedwali la binti yangu linamkataa shemeji yangu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini. Ni mjane, nina binti mmoja tu. Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa tatu, akaniachia karakana ya madirisha na milango ya alumini huku Ngamiani. Pwani yetu unaijua, chuma hakidumu. Hewa ya chumvi inakula grili mpaka zinabaki unga mwekundu, kwa hiyo kazi ya alumini haikosi watu wa kuulizia. Na taabu yangu ipo hapo hapo: wanaulizia, hawanunui. Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo", basi wateja wangu wameuchukua msemo kama ulivyo.

Wanaopokea wateja ni wawili. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alianza naye tangu karakana ni banda la mabati na mashine moja ya kukatia. Yeye hupokea wanaokuja kwa miguu na wanaompigia simu yake. Wa pili ni msichana niliyemwajiri mwaka juzi, anashughulikia WhatsApp na picha za mtandaoni. Mafundi wako watano.

Mwanangu alimaliza chuo mwaka jana, alisomea mambo ya biashara. Ajira hajapata, nikamwambia akae karakana aniangalizie. Akachukua daftari la wageni, meseji za simu ya ofisi na vitabu vya stakabadhi, akaviingiza vyote kwenye Excel, kazi ya wiki sita. Ni mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Alipomaliza akaniita usiku nikiwa nasahihisha madaftari, akaniwekea jedwali mezani.

Walioulizia mwaka mzima ni 480. Walionunua ni 111. Shemeji alipokea 220, wakanunua 33. Msichana alipokea 260, wakanunua 78. Maana yake shemeji anapata 15 katika kila mia, na msichana anapata 30. Nusu yake tu, Shangazi! Mtu mwenye miaka kumi na minane kwenye kazi anapitwa na mtoto wa juzi anayejibu watu kwa simu.

Nilitamani nisiamini, lakini mengine nayaona kwa macho yangu. Shemeji akishaswali adhuhuri huenda kwenye bao chini ya mwarobaini, anarudi saa tisa. Profoma zake, zile karatasi za bei, zinachelewa. Wateja wanampigia msichana kulalamika kwamba walipimwa nyumba wiki mbili zilizopita na bei hawajaiona. Halafu kuna jambo ambalo naona vibaya hata kuliandika. Fundi wetu mmoja ameniambia kuna nyumba mbili upande wa Pongwe tulizipima sisi, sasa zina madirisha ya karakana nyingine. Hakusema zaidi, akanyamaza. Usiku silali nikiwaza kama shemeji anawapeleka watu huko akapate cha juu.

Mwanangu anasema namba hazina undugu. Anataka baba yake mdogo aondolewe mapokezi, apewe stoo au alipwe kiinua mgongo akapumzike, na nafasi yake aichukue yeye. Anataka pia tulipie huduma ya kutuma meseji za jumla, tuwatumie wote 480 tangazo la punguzo la bei, kila wiki mpaka wajibu.

Kisheria shemeji ni mwajiriwa wangu, namlipa kila mwezi. Lakini wazee wa ukoo wa marehemu wako Pangani, na nikimgusa kijana wao najua nitakavyosemwa: mwanamke kazika mume, sasa anafukuza damu yake. Na kweli wakati wa ugonjwa wa mume wangu ni huyu shemeji aliyelala naye hospitali siku kumi na moja, mimi nikiwa kwenye usimamizi wa mitihani. Hilo siwezi kulisahau, na jedwali halina mahali pa kuliandika.

Kitu kingine ukijue: tulipata hasara kubwa kwenye nyumba moja ya Raskazone, bei ilikosewa kwenye vioo. Tangu siku hiyo bei ya nyumba nzima haitoki mpaka niipitie mwenyewe. Kazi ndogo, kama mlango wa bafu, grili, wavu wa mbu au kubadilisha kioo, bei zake zimebandikwa ukutani na mhudumu anaandika papo hapo.

Nimekuambatishia jedwali lote. Majina na namba za simu za wateja nimezifuta. Niambie Shangazi, nimwondoe au niendelee kupoteza?

Mama Karakana, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Vitu viwili vitatu vya barua yako nimevibadilisha kidogo ili shemeji yako asijitambue akiisoma. Namba sikuzigusa.

Nikikuelewa vizuri, unatumia pesa na jasho kuwavuta watu waje kuulizia, na wengi mno wanaishia mlangoni. Mwanao amekuonyesha kwamba wanaishia kwenye mkono wa mtu mmoja. Mtu huyo ni damu ya marehemu, ana hisani kwako, na kuna mnong'ono unaomzunguka. Umebanwa kati ya karatasi na ukoo, na kila ukiigeukia karatasi inakuambia jambo lile lile.

Mimi nilidhani ningeikuta ikisema hivyo hivyo. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la mikopo, karatasi za namba hazinitishi. Nikaichapa ya kwako, nikakaa nayo barazani na penseli siku mbili. Mwanao amefanya kazi nzuri, mwambie nimesema. Wafanyabiashara wengi wa mji huu hawajui hata watu wangapi waliwauliza bei jana. Ila kuna safu aliyoijaza vizuri kisha akaisahau alipokuwa anajumlisha: safu ya aina ya kazi.

Katika wateja 220 wa shemeji yako, 180 waliulizia nyumba nzima. Wa kazi ndogo walikuwa 40 tu. Kwa msichana ni kinyume chake: 220 walitaka kazi ndogo, 40 walitaka nyumba nzima. Sasa yatenge mafungu. Kwenye kazi ndogo shemeji aliuza 18 kati ya 40, karibu nusu. Msichana aliuza 75 kati ya 220, theluthi na kidogo. Kwenye nyumba nzima shemeji aliuza 15 kati ya 180, msichana 3 kati ya 40. Yaani 8 kwa mia na 7 na nusu kwa mia.

Soma tena polepole. Katika kila fungu peke yake shemeji hakushindwa, lakini ukiyachanganya mafungu anaonekana anapata nusu tu ya mwenzake. Hakuna aliyedanganya. Mmoja kapewa wavu wa dagaa, mwingine kapewa mshipi wa jodari, halafu jioni mnahesabu vichwa vya samaki. Mwenye jodari ataonekana mvivu kila siku. Na jedwali lako halina safu ya pesa, kwa hiyo hata mimi siwezi kukuambia kama zile nyumba 15 zina thamani ya kazi ndogo 75, au zinazizidi mara ngapi. Wewe unajua, vitabu vya stakabadhi unavyo.

Nakuomba lakini usikimbilie upande wa pili ukamsafisha shemeji kwa hesabu hii hii. Watatu kati ya arobaini ni watu watatu. Angejitokeza wa nne, msichana angekuwa na 10 kwa mia na angempita. Namba ndogo kiasi hicho zinayumba kama ngalawa tupu. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba ile 15 kwa 30 iliyokunyima usingizi haijibu swali uliloliuliza.

Kuna neno jingine kwenye jedwali lililonisumbua zaidi ya namba. Kila ambaye hakulipa hadi Desemba, mwanao kamwandikia "hakununua".

Mwanangu, sisi tunajengaje? Nyumba yangu mimi ilikaa pagale miaka saba. Niliulizia bei ya madirisha mara nne, kwa mafundi wanne. Mara ya kwanza hata lenta sijafunga. Nilitaka tu kujua nikaze mkanda kiasi gani. Mara ya pili nimefunga lenta, pesa ya mabati sina. Mara ya tatu nimepaua, pesa imekwisha kwenye mabati. Mara ya nne nikanunua, kwa yule fundi wa pili, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akipita kunijulia hali. Kwenye jedwali la mwanao ningehesabiwa nimepotea mara tatu, na wa kwanza, wa tatu na wa nne wasingejua kamwe walinikosa wapi.

Mtu hanunui madirisha ya alumini kwa sababu ametumiwa meseji ya punguzo. Hununua amepaua na anataka kuhamia. Na pesa yake ina majira yake. Mwalimu mwenzako anangoja mshahara au mkopo, mkulima wa Muheza anangoja machungwa, kijana aliye ng'ambo anatuma kidogo kidogo, na wengi wetu hukimbizana kumaliza kabla ya Ramadhani au kabla ya harusi. Kwa hiyo kwenye lile fungu la "hakununua" kuna watu wa aina mbili wamelala kitanda kimoja: walioamua kwenda kwingine, na ambao bado hawajafika. Aliyeulizia Novemba akiwa kwenye msingi, kumwandikia Desemba kwamba hakununua ni kumhukumu mtoto kwa kutotembea kabla hajakaa.

Laiti safu moja ingeongezwa: nyumba imefika wapi. Msingi, boma, lenta, imepauliwa, inapigwa lipu. Na nyingine ya tarehe ya kumrudia. Si lazima kwenye Excel. Hata daftari la mistari linatosha. Mteja wa lenta hafuatiliwi kila wiki, anaulizwa tu: unatarajia kupaua lini? Unaandika, unamrudia. Aliyepaua huyo ndiye wa kumpigia leo kabla hujanywa chai.

Sasa nakuomba ukae kitako, maana linalofuata linakuhusu wewe.

Mwanao kahesabu walioulizia na walionunua. Katikati hakuhesabu, na katikati ndimo mnamovuja. Nimehesabu mimi. Walioulizia 480. Mafundi walikwenda kuwapima 290. Waliopewa profoma ni 205. Walionunua 111. Angalia hapo mwisho: waliopata karatasi ya bei mkononi, zaidi ya nusu walinunua. Bei yenu haifukuzi watu. Lakini kati ya kupimwa na kupewa bei wamepotea 85. Watu 85 fundi aliingia nyumbani kwao na futi kamba, akapima dirisha moja moja, akaandika, akaondoka, na karatasi haikufika.

Kati ya hao 85, wa kazi ndogo ni 14. Wa nyumba nzima ni 71.

Kazi ndogo bei iko ukutani. Nyumba nzima bei haitoki mpaka uipitie wewe, na wewe unatoka shule jioni, una madaftari ya kusahihisha, una nyumba na uchovu wa msiba ambao haujakwisha hata kama watu wameacha kukupa pole. Sikulaumu. Uliungua Raskazone, na aliyeungua hupuliza hata mtindi. Nakuuliza tu: hizo 71 zilikaa wapi? Zilikwama kwenye daftari la shemeji anayecheza bao, au zilikuwa chini ya rundo la mitihani mezani kwako? Jedwali lina tarehe ya kupimwa na tarehe ya profoma. Halina tarehe ambayo vipimo vilikufikia wewe. Bila tarehe hiyo mtu yeyote anaweza kumtupia mwenzake mzigo, na kwa kawaida hutupiwa asiyejua Excel.

Mwanao akiziona hizi 71 atazidisha haraka. Atasema waliopewa profoma ya nyumba nzima ni 59 na 18 wakanunua, basi katika 71 tungepata ishirini na kitu zaidi. Mpunguze kasi. Pengine hao 71 ndio waliokuwa bado kwenye lenta na hata wao hawakuona haraka ya kudai bei. Pengine wachache ndio walikuwa tayari. Kuna njia moja ya kujua, ni kuwapigia simu, na si wengi: watu watano kwa siku mnamaliza kwa wiki mbili tatu. Ulizeni mambo mawili tu, nyumba imefika wapi na kama bei mliipata. Msiuze kitu kwenye simu hiyo. Yatakayosemwa huko yatakufundisha kuliko karatasi hizi zote nilizozijaza penseli.

Sasa shemeji. Mnapomwona kwenye bao mnaona mtu aliyetoroka kazi, na huenda ndivyo ilivyo. Lakini nani hucheza bao mchana katika mji huu? Mafundi uashi waliomaliza zamu, wapauaji, madalali wa viwanja, wenye malori ya mchanga. Mtu anayejenga, wa kwanza kumuuliza "madirisha nimpe nani" ni fundi aliyemjengea. Jedwali lina safu ya "alielekezwa na nani", na karibu yote ni tupu. Inawezekana nusu ya wale 180 wa nyumba nzima walitoka chini ya mwarobaini. Inawezekana pia hakuna hata mmoja. Ukimpeleka stoo kabla hujajua, unaweza kuufunga mlango ambao hukujua kwamba ndio unaowaingiza watu.

Na Pongwe? Nyumba mbili zina madirisha ya karakana nyingine. Kuna mlango wa cha juu, ndiyo, dunia inao. Kuna pia mlango wa mtu aliyepimwa, akangoja wiki tatu, akachoka. Angalia kwanza kama nyumba hizo mbili zimo kwenye zile 71. Kama zimo, mnong'ono wa fundi wako una maelezo mepesi zaidi kuliko usaliti. Kama hazimo, na profoma zilitoka mapema, basi una swali la kumuuliza shemeji uso kwa uso, kwa upole, peke yenu. Neno la wizi likishatamkwa kwenye ukoo halirudi mfukoni, hata ukija kuthibitisha kwamba ulikosea.

Kabla sijasahau: umeandika "kisheria ni mwajiriwa wangu". Mirathi ilifunguliwa? Yupo msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama, na mali ikagawanywa, au mlizika mkaendelea na kazi? Nauliza kwa sababu kwa mirathi ya Kiislamu, mtu akiacha mke, binti mmoja na ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja, bila mtoto wa kiume, bila wazazi wala ndugu mwingine, mke hupata thumni, binti nusu, na kinachobaki, yaani sehemu tatu kati ya nane, ni cha yule ndugu. Sijui wosia wenu wala mali ilikuwa kwa jina la nani. Lakini kama mgawanyo haujafanyika, unayetaka kumlipa kiinua mgongo anaweza kuwa ana fungu kwenye mashine zenyewe, na wazee wa Pangani wanalijua hilo hata kama wamenyamaza. Muulize kadhi au mwanasheria kabla ya kumwandikia mtu barua yoyote.

Njia zako ni zipi basi? Kumwondoa mapokezi ni mojawapo na sitakukataza. Ukifanya hivyo utapata mpangilio na amani na mwanao, na unaweza kupoteza mafundi wanaomfuata yeye na si jina la karakana. Kumwacha alivyo kunalinda ukoo, ila profoma zitaendelea kuchelewa na mwanao atajifunza kwamba kazi ya wiki sita haina thamani kwa mama yake. Hilo nalo ni hasara.

Mnaweza pia kujaribu kwanza. Kwa miezi miwili mitatu, wateja wapya wa tarehe witiri wapokewe na shemeji, wa tarehe shufwa wapokewe na msichana, wakubwa kwa wadogo, wa miguu kwa wa simu. Hapo mtakuwa mnalinganisha wavu kwa wavu. Ugumu wake nakuambia mapema: wapo watakaomtaka shemeji kwa jina na hutawazuia, miezi miwili ni mifupi kwa mtu mwenye pagale, na wawili hao wakijua wanashindanishwa wataanza kunyang'anyana wateja wepesi. Au usimguse mtu yeyote. Badili tu kanuni yako: bei ya nyumba nzima itoke ndani ya siku tatu tangu kupimwa, uweke jedwali la bei za vioo na fremu ambalo mwanao atalifanyia hesabu, nawe ubaki na zile zinazovuka kiasi fulani utakachokipanga. Hatari yake ni Raskazone nyingine. Ni wewe unayejua kama unaweza kulala na hatari hiyo kuliko hii ya sasa.

Kuhusu meseji za kila wiki kwa watu 480, hapo nasita kabisa. Watu hawa walikupa namba ili wapate bei ya madirisha yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa ya mtu itumike kwa jambo alilolitolea, na anayekusanya taarifa hizo asajiliwe na Tume yake. Ukifuta majina kabla ya kuniletea, kama ulivyofanya, umeonyesha unaelewa kuliko unavyojidhania. Tangu sasa anayeandika namba ya mteja amuulize tu: nikupigie ukishapaua? Akikubali, iandikwe kwamba amekubali. Sheria kando, mtu akipata meseji ya punguzo kila Jumatatu na nyumba yake haina bati, atakuzima simuni, na siku ya kupaua hatakukumbuka kwa wema.

Jambo la mwisho ni la mwanao, maana naona yeye ndiye mwenye ufunguo na hajui. Kwenye jedwali kamwandika shemeji yako "Mhudumu 1". Nyumbani anamwita baba mdogo. Namba hazina undugu, kweli, ila anayezisoma anao. Ile safu ya "nyumba imefika wapi" ambayo haipo, nadhani ipo kichwani kwa mtu mmoja. Shemeji yako anajua nani amefunga lenta, nani kagombana na fundi wake, nani mume kasafiri, nani anasubiri machungwa. Je, binti akienda kwake na daftari tupu na kikombe cha kahawa, amwambie, "Baba mdogo, nisaidie hizi 71, siwajui hawa watu", itakuwaje? Pengine atajaza kurasa. Pengine ataguna na kusema hana muda, na hilo pia litakuambia jambo. Asiende na jedwali lile la asilimia. Hilo libaki kabatini kwako kwanza, na wazee wa Pangani wasilione kabla yake.

Ukiniandikia tena, anza na hao 71, wangapi wamepaua na wangapi waliiona bei. Na zile nyumba mbili za Pongwe, niambie tarehe zake.